Papa Naye Hubeba Mimba

(Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wavuvi, Kisumu)

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, karibuni.

Samaki wa ziwa letu mnawajua. Mbuta humwaga mayai kwa mamilioni akaenda zake. Ngege hutaga machache, kisha mama huyabeba mdomoni mpaka vifaranga waweze kuogelea, na muda huo karibu hali kitu. Papa hayumo ziwani humu, lakini nimetaka tumzungumzie kwa sababu yeye amepita hapo: aina nyingi za papa, zaidi ya nusu, hubeba mimba na kuzaa watoto hai. Waliobaki hutaga mayai.

Dume ana viungo viwili vya kupitishia mbegu, kando ya mapezi ya tumboni, kwa hiyo yai hurutubishwa ndani ya jike. Jike naye huwa na mifuko miwili ya uzazi. Swali ni moja tu: mtoto akiwa humo, anakula nini?

Wengine hula kiini cha yai lao hadi siku ya kuzaliwa. Yupo papa mdogo wa bahari za baridi, mwenye miiba mgongoni, ambaye mimba yake hukaa karibu miaka 2. Ni karibu sawa na ya ndovu.

Kuna wengine ambao kiini huisha mapema, na mama huendelea kutoa mayai yasiyorutubishwa ili watoto wayale. Papa mweupe ni wa kundi hilo. Lakini kuna papa wa mchangani, Carcharias taurus, ambaye kwake mambo ni makali zaidi. Kijusi kinachotangulia kukua huota meno mapema na kuwala ndugu zake humo tumboni, kisha humalizia na mayai. Mwishowe kila mfuko hubaki na mtoto mmoja. Hao wawili huzaliwa wakiwa na urefu wa karibu mita 1, na baharini ni wachache wanaoweza kuwameza.

Sasa tukae kidogo kwenye lile linalonishangaza kila ninapolifundisha. Kwa papa wenye kichwa cha nyundo, papa wa buluu na jamaa zao, kiini kikiisha, kile kifuko chake tupu hakitupwi. Hujikunjakunja na kushikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi, kikageuka kondo la nyuma. Mshipa uliokuwa ukileta kiini tumboni kwa mtoto ndio unaokuwa kitovu. Chakula na oksijeni hupita hapo bila damu ya mama kuchanganyika na ya mtoto. Mkimpata papa mchanga wa aina hizo, mlazeni chali mtazame katikati ya mapezi ya mbele: mtaona kovu dogo. Ni kitovu chake, na hufunga baada ya majuma kadhaa.

Aristotle wa Ugiriki aliliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Wengi hawakumsadiki, mpaka Mjerumani Johannes Müller alipolichunguza upya na kulithibitisha mwaka 1842. Na msidhani papa alirithi kondo hili kutoka kwa babu mmoja na sisi. Nasaba yake na yetu zilitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kila mmoja alilifikia kwa njia yake.

Kuna mwanafunzi ameuliza kama mama humlea mtoto akishazaliwa. Hapana. Huzaa na kuondoka, na mtoto huanza kuwinda mwenyewe. Malezi yote yamekwisha tumboni.

Wavuvi, hapa ndipo hesabu inapowahusu. Mbuta mmoja akivuliwa, wengine wanaweza kujaza pengo upesi. Papa hukawia miaka mingi kupevuka, hubeba mimba karibu mwaka au zaidi, na aina nyingi huzaa watoto wachache tu. Tena jike mjamzito akinaswa, mara nyingine mimba hutoka kwa mshtuko, hata kama mvuvi atamwachilia akiwa hai.