Wimbi Moja Kila Sekunde Kumi na Saba

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa kidato cha tatu mliokaa huko nyuma, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya watu wanaofuatilia matetemeko ya ardhi kwa mapenzi tu, bila mshahara wala cheo. Mimi ni mmoja wao, basi naomba nianzie nyumbani kwangu.

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika kumi na tatu usiku, nilikuwa mezani hapahapa Dar es Salaam nikisahihisha madaftari. Maji kwenye glasi yakatetema. Nikadhani ni lori. Zikapita sekunde kama kumi, ndipo taa ya dari ikaanza kuyumba na mama akaniita kutoka chumbani: "Mwanangu, ni mimi nina kizunguzungu?" Nikamshika mkono tukatoka uani. Pale uani nikatazama saa, nikaandika pembeni mwa daftari la mwanafunzi, maana ndilo nililotoka nalo: maji, kisha taa, sekunde kumi.

Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.0, kitovu chake baharini, kusini-mashariki mwa jiji. Zile sekunde kumi ndizo siri yenyewe. Tetemeko likitokea, mawimbi mawili huondoka pamoja. La kwanza lina mbio, husukuma na kuvuta. La pili ni la polepole, hutikisa huku na huku, na ndilo linalobomoa nyumba. Kadiri ulivyo mbali na kitovu ndivyo yanavyoachana. Hesabu sekunde kati yake, zidisha kwa nane, utapata umbali kwa kilomita, kwa makadirio. Kumi mara nane ni themanini. Daftari la mtoto na saa vilitosha kunionyesha kwamba kitovu kiko mbali, wala si chini ya mtaa wetu.

Sasa twendeni Maore, kisiwa ambacho ramani nyingi hukiita Mayotte, katika funguvisiwa la Komoro, chini ya Ufaransa. Lugha ya wenyeji, Kimaore, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mei 2018 ardhi ilianza kutikisika pale, siku baada ya siku, na tarehe 15 likaja tetemeko linalokaribia 5.9. Kuna waliohama vyumba vyao wakalala nje. Wakawa wanaandikiana mtandaoni: umelisikia? saa ngapi? uko kijiji gani? Maelfu walijiunga kwenye mazungumzo hayo. Uvumi ulikuwemo, siwafichi, lakini kulikuwa pia na watu waliokuwa wakiandika saa na mahali bila kuchoka.

Kisha tarehe 11 Novemba mwaka uleule, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, likatokea jambo ambalo hakuna binadamu aliyelihisi. Mawimbi yalitoka pande za Maore, yakapita chini ya Kenya, Zambia na Ethiopia, yakafika Chile, New Zealand, hata Hawaii. Kwenye mashine za kupima mitikisiko, tetemeko la kawaida huchora vurugu: mistari minene na myembamba imechanganyika. Hili lilichora wimbi moja kila sekunde 17, limepangika kama mshono wa cherehani, kwa zaidi ya dakika ishirini.

Mashine ziliandika zenyewe, kimya. Aliyeona ni mpenzi wa matetemeko, mtu anayetumia jina la mtandaoni tu, aliyekuwa akipitia michoro ambayo Shirika la Jiolojia la Marekani huiweka wazi kwa kila mtu. Hakusema ni mwisho wa dunia. Aliweka picha ya mchoro Twitter, akaomba wengine watazame. Wataalamu wakaanza kuchomoa michoro ya vituo vyao, na wimbi lilelile likaonekana bara baada ya bara.

Mei 2019, katika kutafuta chanzo, meli ya utafiti ya Wafaransa ikakuta, kilomita 50 hivi mashariki mwa kisiwa, volkano mpya yenye kimo cha mita 820 kutoka sakafu ya bahari. Haikuwepo kwenye vipimo vya zamani. Leo inaitwa Fani Maoré. Mlima mzima ulizaliwa karibu na jamaa zetu, na dunia ikaanza kuuliza kwa sababu mtu mmoja hakuupita mstari wa ajabu bila kuutazama mara mbili.

Haiti nitaigusa kidogo. Baada ya maafa ya tetemeko la Januari 2010, wanasayansi waliwapa raia vipima-tetemeko vidogo vya Raspberry Shake vya kuweka majumbani mwao. Tarehe 14 Agosti 2021 lilipopiga la 7.2, vyombo vya raia hao ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi na kitovu, na takwimu zake zikatumika kulielewa.

Vijana, hapa nataka mniahidi. Usiku ule wa 2020 nilipokea ujumbe kwamba tetemeko "litarudi saa nane." Hakuna mtu duniani, awe profesa au mpenzi kama mimi, anayeweza kutaja saa ya tetemeko lijalo. Ndugu zetu wa Kagera walipigwa Septemba 2016, watu wakafa, nyumba zikaanguka; mtu aliyefiwa hastahili kutishwa tena na saa ya kubuni. Ukiandika, andika ulichokiona, uliposimama, na saa yako ilisema nini. Kama hujui, uliza waziwazi, kama alivyouliza yule wa Novemba.

Sasa toeni simu, fungueni saa yenye sekunde. Nitagonga meza mara mbili: kishindo cha kwanza ni wimbi lenye mbio, cha pili ni lile la polepole. Nyamazeni kabisa, mhesabu, kisha kila dawati liniambie kitovu kiko kilomita ngapi. Tayari?