Thumuni, Sudusi na Minazi 24

Walimu wenzangu, mlionisikia mwaka jana mnajua naelekea wapi: kujumlisha sehemu. Nivumilieni, minazi ni ile ile.

Mtu kafariki, kaacha mjane, mama na mtoto mmoja wa kiume. Madeni yamelipwa, imebaki minazi 24. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mjane ana thumuni (1/8), mama ana sudusi (1/6), mtoto anachukua baki. Je, mjane na mama pamoja wana ngapi? Mwanafunzi anakuandikia 1/8 + 1/6 = 2/14. Juu kwa juu, chini kwa chini, kapiga mstari, kaenda zake kucheza.

Haya, 2/14 ni 1/7. Yaani mama peke yake ana 1/6, akiungana na mkaza mwana wake wanashuka wote wawili hadi 1/7! Minazi kala nani?

Sasa usikimbilie kumwambia "tafuta KDS", ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6. Mpeleke shambani ahesabu. Thumuni ya 24 ni minazi 3, sudusi ni 4. Jumla 7. Saba katika ngapi? Katika 24! Wataalamu wa mirathi hiyo 24 huiita asili ya mas'ala, na sisi darasani namba ya chini tunaiita nini? Asili. Neno lile lile, tunalikaririsha watoto kama jina la mtaa. Asili ndiyo inayokwambia kipande kina ukubwa gani. Vipande havilingani, unajumlisha nini?

Namwona mmoja kule nyuma anataka kusema nisilete dini kwenye hisabati. Mimi nimeleta minazi. Mwingine atauliza, mbona 8 mara 6 ni 48? Tumia 48, hukukatazwa: 6 na 8 ni 14, 14/48 ukirahisisha ni 7/24. Ni jasho la ziada tu, weka kalamu nyekundu chini.

Ila kuna mtoto aliwahi kunibana. "Mwalimu, jana nimepata swali 1 kati ya 2, leo 1 kati ya 3. Si 2 kati ya 5?" Nikaenda kunywa chai kwanza. Ni kweli, kapata 2 kati ya 5, kwa sababu kahesabu maswali ya majaribio mawili. Minazi yetu ni ya shamba moja.

Sehemu mchanganyiko nilitaka kuzigusa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kutoa je? 24 toa 7. Mwenye hiyo minazi mnamjua.