Mita 300 za Nusu Maili

AIKA: Karibuni tena wasikilizaji. Tuko Moshi, chumba kile kile chenye feni inayopiga kelele, mtuvumilie. Kaka Eli leo kaja na mkoba mzima wa ramani zilizokunjwa kama khanga.

ELI: Na nyingine zimechanika penye mikunjo. Shikamoo kwa wakubwa wanaotusikiliza.

AIKA: Leo tunaongelea setelaiti, GPS, ramani za kompyuta, na namna vinavyotumika kulinda msitu na maji ya mlima wetu, Kilimanjaro. Lakini siji huko mpaka unipe ile hadithi ya jikoni kwa bibi.

ELI: (anacheka) Haya bwana. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nikakabidhiwa kifaa cha GPS cha mkononi, nikaambiwa nipande Nusu Maili nikahesabu visiki. Kila kisiki ninachokiona nachukua nukta. Siku tatu, na mzee mmoja wa kijiji ananiongoza. Nikashuka na nukta zangu, nikazipanga kwenye ile ramani ya zamani ya 1:50,000, ya karatasi. Visiki vyote vimeteremka! Kimoja kimekaa kwenye nyumba ya bibi mmoja tuliyepita kwake kunywa maji. Kwa ramani yangu mimi, bibi alikuwa anapikia juu ya kisiki cha msitu wa serikali.

AIKA: Masikini bibi wa watu. Ngoja, wapo wasioijua Nusu Maili.

ELI: Ni ukanda wa msitu kati ya vihamba, yaani yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na msitu wa hifadhi wenyewe. Ulitengwa mwaka 1941, enzi za Mwingereza, watu wapate kuni na majani ya ng'ombe bila kuingia ndani zaidi. Upana wake ndio jina lake, nusu maili, kama mita 800.

AIKA: Na kifaa kilikuwa kibovu?

ELI: Kizima kabisa. Ubovu ulikuwa wangu. Iko hivi: dunia si duara kamili, kwa hiyo kila mchora ramani lazima kwanza achague umbo la dunia atakalolipimia, na alibandike wapi. Watu wa upimaji wanaita datumu. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya datumu inaitwa Arc 1960. GPS inatumia nyingine, WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, zote ni za kanda moja ya gridi ya ramani, ya 37 kusini, ila ukichukua za huku ukaziweka kule bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300 kwenda kusini.

AIKA: Na kusini, ukiwa upande wetu wa mlima...

ELI: Ni mteremko. Ni vihambani. Kwenye karatasi ni milimita 6 tu, unaweza ukasema kalamu iliteleza. Lakini 300 kati ya 800! Hiyo si hitilafu ndogo, hapo umehamisha kijiji. Na ukifanya kinyume, ukachukua namba za mpaka kwenye ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, mpaka unapanda mlimani mita 300 zile zile. Mtu anakata mti akiwa na ramani mkononi, anaapa yuko kwake.

AIKA: Mzee aliyekuongoza alisemaje?

ELI: Aliitazama ramani muda mrefu, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, mimi siku zile tatu nilikupeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirekebisha usiku ule ule. Kwenye QGIS, programu ya ramani za kompyuta, ni kubofya mara mbili, na yenyewe ni ya bure. Ila nimekuwa mkorofi tangu siku hiyo. Mtu akinifungulia ramani ya mpaka, swali la kwanza ni datumu. Wananiona najidai.

AIKA: Unajidai kidogo. Twende kwenye moto. Oktoba 2020, sisi wengine tuliuona kwa macho usiku, mstari mwekundu juu kule.

ELI: Ulianza tarehe 11, eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo. TANAPA baadaye ilitaja kilomita za mraba kama 95 zilizoungua. Sasa watu huniuliza, eneo kama lile mnalipimaje? Nani anatembea na futi kamba?

AIKA: Nami nakuuliza.

ELI: Unachukua picha mbili, ya kabla na ya baada. Zile setelaiti za Ulaya, Sentinel-2, zinapita kila baada ya siku tano hivi, na kila kipande cha picha, pikseli, ni mita 10 kwa 10, au 20 kwa 20 kutegemea aina ya mwanga. Jani bichi linarudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho letu halioni. Likiungua, mwanga huo unashuka, na mwingine, unaopungua penye maji, unapanda, kwa sababu udongo umebaki mkavu, uchi. Unalinganisha hizo mbili, kabla na baada. Palipoungua panajichora penyewe, hata moshi ukiwa umeshaisha. Halafu ni kuhesabu pikseli.

AIKA: Na zile nukta nyekundu za moto watu wanazorushiana kwenye WhatsApp?

ELI: Hizo ni kitu kingine. Ni vifaa vinavyohisi joto, vinapita usiku na mchana, mfano VIIRS. Pikseli yake ni mita 375. Na nukta unayoiona haiko juu ya moto, iko katikati ya pikseli. Moto unaweza kuwa pembeni kabisa. Kwa hiyo usiende kumgongea mtu mlango eti nukta imeangukia kwake. Inakwambia washa pikipiki, nenda upande huu. Basi. Kwa kazi hiyo ni nzuri mno, sibezi.

AIKA: Wingu je? Kabla hatujaanza ulisema ni adui.

ELI: Huu upande wetu wa kusini ndio unaopata mvua, na ndio wenye mawingu. Kuna miezi unafungua picha kumi, zote pamba tupu. Dawa yake ni rada, Sentinel-1, inapenya wingu na inafanya kazi hata usiku. Lakini kusoma picha ya rada kunataka mazoea, mwanzoni unaona kama televisheni iliyopoteza stesheni. Mimi bado inanisumbua.

AIKA: Mimi nina la kwangu sasa. Niliona ramani moja mtandaoni, inaonyesha misitu duniani. Nikaikuza hadi kwetu Kibosho. Kihamba cha baba kimepakwa kijani cha msitu! Nikafurahi, nikasema kumbe tuna msitu.

ELI: Hapo umenigusa. Kihamba ukikitazama toka juu unaona nini? Mruka umetandaza matawi, migrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi. Setelaiti inaona paa la kijani lisilo na tundu. Haioni kahawa. Haimwoni mama anayekata majani ya mgomba kumpa ng'ombe wa zizini. Kompyuta ikifundishwa kwamba kijani kizito ni msitu, vihamba vyote vya Machame hadi Rombo vinakuwa msitu.

AIKA: Si sifa hiyo?

ELI: Ni sifa mpaka siku kahawa ikose bei. Mtu anakata mruka, anang'oa kahawa, anapanda mahindi na nyanya. Ramani itasema "msitu umepotea." Msitu gani? Au kinyume chake: msitu wa kweli unakatwa huko juu, ila hesabu ya wilaya inabaki nzuri kwa sababu migomba ya watu imejaa kwenye jedwali. Zote mbili zinaharibu maamuzi. Mimi nikifanya kazi hizi nachukua kwanza mifano ya vihamba, kwa miguu, naifundisha kompyuta kwamba hiki ni kitu cha peke yake. Na picha za kiangazi ndizo zinazosaidia. Nyasi na mahindi yamekauka, mgomba bado kijani.

AIKA: Na mifongo, ile mifereji yetu ya asili? Baba bado anagombania zamu ya maji.

ELI: Mfongo wenyewe ni mwembamba, hatua moja unauruka. Pikseli ya mita 10 haiuoni hata kidogo. Hiyo ni ya kutembea na GPS kutoka banio la maji hadi mwisho, pamoja na mzee wa mfongo. Setelaiti itumie kule chini, bwawa la Nyumba ya Mungu. Picha za Landsat, setelaiti za Marekani, zipo tangu miaka ya sabini, bure tangu 2008. Unaweza kuona bwawa linavyojaa na kusinyaa mwaka kwa mwaka.

AIKA: Swali la mwisho ni la nyumbani, mnisamehe. Baba yangu mdogo na kaka yake wanagawana kihamba. Baba mdogo kapakua programu ya kupima shamba kwenye simu. Kazunguka mara tatu.

ELI: Kapata majibu matatu.

AIKA: Matatu! Tena kila mara eneo lake linakuwa kubwa kidogo.

ELI: (anacheka) Hilo la kukua sijui. Lakini simu ikiwa uwanjani, mbingu wazi, inakosea kama mita 5. Chini ya migomba inazidi. Kihamba cha robo ekari, upande mmoja kama mita 30. Ukikosea 5 kila kona umemnyang'anya mtu jiko. Masale, ile mimea ya mpakani iliyopandwa na babu yenu, yanajua mpaka kuliko ile simu. Wakitaka namba, wamwite mpimaji mwenye leseni, vifaa vyake vinafika sentimita.

AIKA: Nilimwambia. Kasema atazunguka mara ya nne.

ELI: Basi asimame kila kona dakika mbili tatu, simu itulie, na asizunguke peke yake, kaka yake awepo.

AIKA: Ndiyo shida. Anasubiri kaka yake aende sokoni.