Usimlaze Tu: Mazungumzo ya Bombo Juu ya Uchovu wa Kansa

Mhadhara kwa familia zinazouguza wagonjwa wa kansa nyumbani. Bombo, wilaya ya Luweero.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi wa kambini, nawaona mmejipanga safu ya nyuma kama kawaida yenu: jambo afande. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa sababu nusu ya ukumbi ni watu wa jeshi na nusu ni Wanubi, na Kiganda changu mkikisikia mtacheka hadi jioni.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa hata kama ugonjwa hauponi. Nazunguka nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa ambao kansa yao imeshasambaa, ile ambayo daktari ameshasema haitaondoka. Kila ninapoingia nauliza swali moja: kitu gani kinakusumbua kuliko vyote? Nilipoanza kazi nilidhani wote watasema maumivu. Kumbe maumivu yakishatulizwa, wengi husema neno moja tu la Kiganda: nkooye. Nimechoka. Na mtu wa nyumbani, kwa huruma, anadakia: basi lala mama, pumzika.

Hapo ndipo ugomvi wangu na nyinyi unapoanzia.

Uchovu huu si ule wa shamba. Ukilima kutwa, unalala, jogoo akiwika umeshausahau. Uchovu wa kansa mtu analala nao na anaamka nao. Anaweza kulala kwa muda wa saa kumi na mbili na kuamka kama aliyepakua lori la mahindi usiku kucha. Mnajua mnavyolegea mkiwa na malaria, hata kijiko kinakuwa kizito? Zile kemikali ambazo kinga ya mwili huzitoa ikipigana na malaria, mwenye kansa anazo nyingi kila siku. Malaria ukimeza dawa inaondoka. Vita vyake yeye haviishi. Ongeza damu iliyopungua, misuli inayoyeyuka hata kama anakula, kemo, mionzi, usingizi wa mang'amung'amu, na mawazo ya ada za shule. Halafu jirani anapita anasema, huyu siku hizi amekuwa mvivu. Mkisikia neno hilo, mfukuzeni jirani.

Sasa, msitoke hapa mbio kwenda kuwatembeza wagonjwa wenu. Uchovu ulioingia ghafla wiki hii hautaki mazoezi, unataka kituo cha afya. Pengine damu imeshuka, pengine ni malaria kweli, pengine kuna maambukizi, pengine anatapika na mwili umekauka. Hayo yanatibika, na ukiyatibu uchovu unapungua bila mtu kunyanyua mguu. Na maumivu yatangulie kutulizwa. Hapa Uganda tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina: tangu Hospice Africa Uganda ianze mwaka 1993, mofini ya maji inatengenezwa hapahapa, mgonjwa hauziwi, na tangu 2004 hata muuguzi aliyesomea kazi hii anaruhusiwa kuiandika. Siku chache za kwanza inaleta usingizi, halafu kwa wengi usingizi huo unapungua. Msiiogope chupa. Mtu mwenye maumivu hatembei, na ukimlazimisha atakuchukia.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja, sajini mstaafu, kansa ya tezi dume. Mara ya kwanza nilipofika kwake alikuwa dhaifu lakini anakwenda chooni mwenyewe, choo kile cha nyuma ya nyumba. Mkewe akaniuliza, sista, afanye nini? Nikasema kama tulivyozoea kusema: mwache apumzike. Nikamwandikia dawa, nikapanda boda, nikaondoka.

Niliporudi baada ya wiki tatu nilimkuta ameangalia ukutani. Chini ya kitanda kuna beseni. Mke anamgeuza kama mtoto. Mzee hakunijibu salamu. Mkewe akanivuta nje, akanong'ona: sista, kansa imekwenda mbio. Nilimpima, nikampigia daktari, tukaangalia tena kila kitu. Kansa haikuwa imekwenda mbio kiasi hicho. Paja lake ndilo lililokuwa limebaki kama mkono wangu. Ni mimi niliyemfunga kitandani, kwa neno moja la huruma.

Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani wa mwaka 2007. Walichukua wazee 11 wenye afya, wastani wa miaka 67, wakawalaza siku 10 tu. Miguu ya kila mmoja ilipoteza, kwa wastani, karibu kilo 1 ya nyama. Hao hawana kansa, na wanakula vizuri. Mzee wangu alilala siku 21.

Tulianza hivi. Kwanza daktari aliiangalia mifupa, maana kansa ya tezi dume inapenda sana mifupa, na mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika kwa kupiga hatua tu. Aliporuhusu, siku ya kwanza kazi ilikuwa kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, muda wa kunywa nusu kikombe cha uji. Basi. Siku ya nne tukaleta kiti cha plastiki, tukakiegemeza ukutani kisiteleze, mke upande mmoja na mimi upande wa pili. Nikamwambia, mzee, simama. Hakunisikiliza. Ndipo mjukuu wake, kijana mtukutu wa darasa la tano, akapiga kelele mlangoni: mguu pande! Mguu sawa!

Nawaona wa nyuma mmekaa wima. Naye alifanya hivyohivyo. Alisimama, magoti yanatetemeka, akahesabu mwenyewe, moja, mbili, tatu, akakaa. Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema: "Kwata hii ni mbovu sana."

Wiki iliyofuata alikuwa anasimama na kukaa mara tano asubuhi, mara tano alasiri. Kisha tukapanga viti vitatu kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, kila baada ya hatua kama nane. Anatembea, anakaa, anapumua, anaendelea. Kipimo hakikuwa saa. Kipimo kilikuwa mdomo: atembee huku anamtukana mjukuu. Akishindwa kumaliza tusi, akae. Na asubuhi ya pili tunauliza, kwa namba kutoka 0 hadi 10, uchovu uko wapi leo? Ukizidi wa jana, tunapunguza nusu. Mwezi ulipokwisha alikuwa anakaa chini ya mwembe na redio yake, na beseni lilirudi jikoni kuoshea vyombo. Kansa ilikuwa palepale.

Sitaki kuwauzia dawa ya miujiza. Mwaka 2011 Wanorwe walitoa matokeo ya wagonjwa 231 wa kansa isiyopona. Kundi moja lilifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 8, lingine likaendelea na huduma zake za kawaida. Uchovu wa waliofanya mazoezi haukupungua kuliko wa wenzao. Naam, haukupungua. Lakini walitembea mbali zaidi, na mkono ulishika kwa nguvu zaidi. Na zaidi ya theluthi moja ya waliopangiwa mazoezi hawakufika mwisho, maana ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Halafu mwaka 2024 ukaja utafiti wa wagonjwa 357 wa kansa ya matiti iliyosambaa, katika nchi tano za Ulaya na Australia, miezi 9 ya mazoezi na mwalimu. Hao uchovu wao ulipungua. Mimi nauelewa hivi: ukianza mapema, mtu akiwa bado ana akiba, unaweza kuugusa uchovu wenyewe. Ukianza kwa kuchelewa, unaokoa safari ya chooni. Wenzetu walikuwa na jimu. Sisi tuna mwembe, na kwa safari ya chooni mwembe unatosha.

Nimeona mkono. Ndiyo, hajati?

Hajati anauliza: hizo nguvu kidogo alizobaki nazo, tukimtembeza si zitaisha?

Swali zuri, na jibu langu ni jerikani. Nguvu za mgonjwa ni jerikani moja ya maji wakati wa kiangazi. Huwezi kuoga, kufua, kupika na kumwagilia mboga kwa lita 20. Lazima uchague. Kama Ijumaa anataka kwenda msikitini, asiogeshwe asubuhi hiyo hiyo na kupokea wageni kumi. Aogeshwe Alhamisi jioni. Kosa tunalofanya ni kumchagulia sisi. Kuna mama mmoja, kansa ya matiti, binti zake walimnyang'anya kisu cha kumenyea matoke. Mama anaumwa, hapaswi kufanya kazi! Alilia. Akaniambia, nimemenya matoke tangu nina miaka saba, sasa nakaa kama picha ukutani. Tulimrudishia kisu na vidole vinne vya matoke, amekaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta. Hayo ni mazoezi. Vyungu viache kwa binti.

Na swala pia ni mwendo, hajati, mara tano kwa siku. Aliyeshindwa kusimama anaruhusiwa kuswali amekaa, lakini hayo muulizeni sheikh. Mimi nasema ya miguu tu.

Lini tuache? Akipata maumivu mapya ya mgongo, na miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukakataa au ukatoka wenyewe, huo ni uti wa mgongo unabanwa. Hospitali siku hiyohiyo, usisubiri teksi ya kesho, na asitembezwe wala kukandwa. Homa, kutokwa damu, kifua kubana, kizunguzungu, kuhema akiwa amekaa: simamisha, piga simu.

Na kuna kuacha kwa namna nyingine. Sajini wangu, miezi minne baada ya kile kiti, alirudi kitandani. Safari hii ilikuwa kansa kweli. Mjukuu akaja mlangoni na amri yake, mzee akatikisa kichwa, akasema: "Legeza." Hatukumsukuma tena. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, tukamlowesha midomo, tukamwekea redio karibu na mto.

Chai iko nje na mandazi yameshafika, nanusa hapa. Lakini hakuna atakayetoka kabla sijaona kitu. Kunjeni mikono kifuani. Msishike kiti. Simameni, kaeni, mara tano, polepole, na msikilize mapaja yenu yanasema nini, mjue mnachomwomba mgonjwa. Nyuma huko pia, afande. Haya, mguu sawa. Moja.