Godoro, Bajaji na Picha ya Sekunde Moja

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Najua wapo wanaonong'ona: keshaanza tena na eksirei yake. Ndiyo, nimeanza: eksirei imfuate mgonjwa nyumbani, si mgonjwa aifuate hospitalini.

Chukueni mzee wa Makorora, hapa hapa Tanga, aliyepooza upande mmoja. Ana homa, anakohoa, daktari anataka picha ya kifua. Basi watafutwe vijana wa kumbeba na godoro lake, wapenye uchochoro usioingia hata bajaji. Kwenye kona mpira wa mkojo unanasa, mzee anapiga ukelele. Teksi. Foleni. Binti yake, aliyeomba ruhusa kazini, anampepea kwa upindo wa khanga. Zamu inafika: “Vuta pumzi, usipumue.” Hata sekunde haikutimia! Kisha godoro lile lile, kona ile ile. Na majibu? Kichomi, dawa za kumeza, akalale kitandani alikotoka.

Mashine za eksirei za kubebwa mkononi zipo: kilo chache, zinatumia betri. Mzee anainuliwa kwa mito yake mwenyewe, sahani ya kunasia picha inapenyezwa nyuma ya mgongo, picha inatokea kwenye kompyuta papo hapo. Daktari hata akiwa hospitali ya Bombo ataisoma kwa intaneti.

Mtaniambia mionzi itadhuru majirani. Jamani! Picha ya kifua ni milisiviati 0.1 au pungufu; milisiviati ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Kutoka ardhini, hewani na angani binadamu hupokea wastani wa 2.4 kwa mwaka. Tena ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inabaki robo. Wenye nyumba watoke chumbani, mpigaji avae aproni yenye madini ya risasi, basi. Mashine iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu, hilo sibishani.

Wala msiniambie ni mambo ya kesho. Mwanasayansi Marie Curie alianza kupeleka eksirei kwa magari karibu na medani za vita mwaka 1914. Sisi Mikanjuni tunashindwa?

Sisemi kila kitu kifanyike nyumbani. Aliyevunjika nyonga atahitaji upasuaji, apelekwe. Sitiskani, ile mashine kubwa ya picha za ndani ya mwili, haibebeki kwenye begi.

Naona naonyeshwa saa. Kifua kikuu nilitaka kukieleza kwa kirefu, maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali kompyuta isaidie kusoma picha hizo. Tutaonana siku nyingine. Mwenye swali la bei anifuate nje, ila kwanza ajumlishe teksi, vijana wa godoro na siku ya kazi ya yule binti.