Roboti Ikishaingia Uwanjani, Mikono Mfukoni

Wanaklabu wenzangu, hamjambo. Naona pale nyuma kuna ndugu amekuja na kidhibiti chake cha gemu. Kirudishe mkobani, bwana. Mashindano ya leo mchezaji hagusi kitu. Unaiandikia roboti programu, unaikabidhi, kisha unakaa kama mzazi nje ya chumba cha mtihani.

Mchezo huu umewazidi umri wengi wenu. RobotWar ilikuwa kwenye kompyuta ya Apple II mwaka 1981. Mwaka 1984 mwandishi A. K. Dewdney akaieleza Core War katika jarida la Scientific American: programu mbili zinagombania kumbukumbu ya kompyuta moja. Tamu sana, ila mtazamaji huona vidoti tu. Kwa klabu inayoanza nawashauri Robocode. Ni ya bure, na roboti zake ni vifaru vya vita unavyoviona vikipigana kwenye skrini.

Kila kifaru huanza na nishati 100, na kufyatua risasi kunakula nishati hiyohiyo. Risasi kubwa kabisa, ya nguvu 3, inakugharimu 3. Ikimpata adui anapoteza 16, nawe unarudishiwa 9. Mbona basi tusipige kubwa tu? Kwa sababu ni nzito: inakwenda pikseli 11 kwa zamu, na ndogo kabisa inakaribia 20. Adui aliye mbali ataikwepa huku anapiga miayo. Hapo ndipo utamwona mtu aliyekimbia hesabu za pembe akizitafuta mwenyewe usiku.

Sasa niungame. Mara ya kwanza niliendesha kwa mtoano, kama kombe la mpira. Robocode hupanga mahali pa kuanzia kwa bahati nasibu. Roboti niliyoiona bora kuliko zote ilianzia kwenye kona, ikabanwa, ikatolewa kwa pambano moja. Mwenyewe akafunga mkoba akaenda zake, na sikuwa na la kumwambia. Tangu hapo ni ligi. Roboti 12 ni mapambano 66, kila moja raundi nyingi. Msiogope idadi: ukizima picha, kompyuta huyamaliza upesi. Picha iwekeni akiba kwa fainali, watu wapige kelele.

Mengine ni madogo. Saa ya kufunga kupokea roboti isisogezwe. Kila roboti ijaribiwe kwanza kwenye mashine ya mashindano, na imshinde SittingDuck, roboti ya mfano inayokuja na Robocode, ambayo haisogei hata kidogo. Mtashangaa wangapi hukwama hapo.

Ila hili msiliache: fanyeni mashindano mawili, yapishane wiki mbili, na katikati wekeni wazi programu za wote. Bingwa atanung'unika, mwacheni. Kwetu roboti iliyoshika mkia ilikuwa na tatizo moja tu. Katika Robocode rada imekaa juu ya bunduki, na bunduki juu ya kiwiliwili. Usipovitenganisha, ukigeuza mwili vyote vinageuka. Binti aliyeiandika alikuwa akilenga vizuri, kisha anajigeuza na kulipoteza lengo. Alipoisoma programu ya bingwa akaona mistari miwili ya kuvitenganisha ambayo yeye hakuwa nayo. Mashindano ya pili akamaliza wa nne, na bingwa akapigwa na watu watatu waliokuwa wamemsoma kama gazeti.

Haya, mashine imeshawaka. Nani ameleta roboti?