Tone la risasi juu ya shaba: tulitengenezee modeli kwenye Excel

Mwagonile, ndugu watazamaji! Hapa ni Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi ya Julai, baridi inauma mpaka kwenye kucha. Leo tunalifuatilia tone la risasi, hii ya mafundi redio, linavyotandaa juu ya shaba, kisha tunakwenda kwenye laptopu.

Kata waya wa risasi wa milimita 1, urefu milimita 13. Ujazo wake ni kama milimita 10 za ujazo, kumbuka namba hiyo. Shaba isugue kwa msasa, ipake dawa ya kuchomelea, iweke juu ya jiko la umeme. Fungua dirisha, moshi huu si wa kuvuta. Jana niliruka msasa: tone likabaki duara, likabingirika kama punje ya njegere. Kutu nyembamba tu ilitosha kuliharibu zoezi.

Simu iweke usawa wa meza, irekodi picha 240 kwa sekunde. Sasa tazama ukingo. Limesimama... limelala! Mafuta ya kula nayo hutandaa juu ya kioo, ila hayali kioo. Risasi inaila shaba: stani (bati) iliyomo inashikana nayo na kuzaa tabaka jipya, atomu 6 za shaba kwa 5 za stani. Kwa hiyo uso unabadilika wakati tone linatembea, na pembe ya ukingo inayotafutwa, yaani ile kati ya uso wa tone na shaba pale ukingoni, inabadilika nao.

Modeli yetu inasema hivi: kadiri kosaini ya pembe ilivyo mbali na mwisho wake, ndivyo inavyoukimbilia. Tuanze na digrii 90, kosaini 0; mwisho digrii 30, kosaini 0.866. Kasi ya mmenyuko, k, tukisie 4 kwa sekunde. Hatua ni sekunde 0.05, yaani kila picha ya 12. Safu B ni ya kosaini: kwenye B2 andika 0, kwenye B3 andika:

=B2+4*0.05*(0.866-B2)

Inatoka 0.173, karibu digrii 80. Buruta chini. Usiwe na pupa ukaweka hatua ya 0.3: kosaini inavuka 1, na Excel inagoma kukupa pembe.

Nusu kipenyo cha duara ambalo tone limelikalia juu ya shaba kiko C2, na hapa ndipo ile 10 inaingia, ikizidishwa na 3:

=(30*(1-B2^2)^1.5/(PI()*(2-3*B2+B2^3)))^(1/3)

Digrii 90 inatoa milimita 1.68, na 30 inatoa 2.85.

Sasa pima nusu kipenyo hicho kwenye video, weka nukta zako kwenye grafu, kisha badilisha k mpaka mstari upite katikati yake. Usipokubali kabisa, usilazimishe: modeli hii haijui mnato wala shaba inayoyeyuka ndani ya tone. Ukipandisha joto, k ya leo haifai, pima upya.

Ngoja nizime jiko, shaba imeshaanza kuwa nyeusi.